Nilivyoacha Ofisi Nikawa Sista Wafula

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Murera siku za Jumamosi, mkikaa kwenye benchi langu na kunywa chai yangu, swali lenu ni moja. Mnazunguka kwanza. Mnasifu kuku, mnauliza hali ya magoti yangu, halafu mmoja wenu anajikaza: "Babu, ni kweli ulikuwa na digrii halafu ukaenda kusomea uuguzi?" Mnaliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza iwapo ni kweli fulani aliwahi kufungwa jela.

Ni kweli. Juzi Nekesa, binti ya mpwa wangu, alinipigia simu kutoka Ruiru. Alimaliza chuo kikuu mwaka jana, mambo ya biashara, na sasa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mamake hataki hata kusikia. Nekesa akaniambia, "Babu, usinihubirie. Niambie tu kama ulijuta." Nilishindwa kumjibu kwa simu, maana jibu langu ni refu na siku hizi mimi hupotea katikati. Kwa hivyo nimeandika. Nyinyi wengine someni begani mwake.

Kwanza jina. Enzi zetu mgonjwa akitaka maji hakuuliza nani ni nani. Aliita "Sista!" na aliyekuwa karibu akaitika. Mimi nilikuwa na ndevu, na sauti yangu ni hii mnayoijua, lakini niliitika. Wengine walijaribu kunionea huruma wakaniita daktari. Nikiwaambia mimi si daktari walifikiri ninajishusha. Mwishowe mama mmoja wa Gatuanyaga akapata suluhisho, akaita kutoka mwisho wa wodi, "Sista Wafula, njoo uone mguu wangu!" Wodi nzima ikacheka. Jina likakaa miaka thelathini na zaidi. Hata leo nikipita sokoni Thika kuna mtu ataniita hivyo, na watu hugeuka kumtafuta huyo mtawa.

Sasa ofisi. Chuo kikuu nilisomea jiografia. Nilipomaliza nikapata kazi katika kiwanda kimoja pale Thika, msimamizi msaidizi wa wafanyakazi. Nilikuwa na meza, kiti cha kuzunguka na tai mbili. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama langoni asubuhi na kuandika majina ya waliochelewa. Niliifanya vizuri. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Kulikuwa na fundi mmoja, Mzee Kamande, mtu wa makamo, mpole. Asubuhi moja alikuja akiyumba. Nilimwuliza swali akanijibu jambo lingine kabisa, eti ng'ombe wamefunguliwa. Macho yake yalikuwa kama ya mtu anayetazama kitu nyuma yangu. Nikamwambia akae juu ya magunia nje ya ofisi yangu, nikaingia ndani, nikaanza kumwandikia barua ya onyo kwa kuja kazini amelewa. Nilikuwa nimefika aya ya pili nikasikia watu wanapiga kelele. Mzee Kamande alikuwa ameteleza kutoka kwenye magunia, amelala chini.

Mtu alikimbia kumwita Sista Grace, muuguzi wa kliniki ya kiwanda. Alikuwa mwanamke mnene, hakukimbia, lakini alifika haraka kuliko waliokimbia. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamgusa paji la uso, akaingiza mkono shingoni, akaufungua ukosi wa shati. Shati lilikuwa limelowa chapachapa.

"Leteni sukari," akasema. "Sukari ya chai. Upesi."

Sisi tulitazamana. Nilidhani anataka chai.

Alimgeuza mzee kwa ubavu. Akachovya kidole kwenye maji, akachukua sukari, akampaka ndani ya shavu, karibu na fizi. Kidogo, akangoja, kidogo tena. Mfanyakazi mmoja alileta soda akataka kummiminia mdomoni. Sista Grace akampiga kibao mkononi: "Unataka kumzamisha? Mtu asiyeweza kumeza hapewi kinywaji!" Baada ya muda mzee akaanza kulamba midomo. Akameza. Hapo ndipo akapewa soda, kwa mafunda madogo. Si muda mrefu akaketi, akatutazama sote, akauliza kofia yake iko wapi.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa amejidunga dawa yake alfajiri, akaondoka nyumbani bila kula, kwa sababu aliogopa kuchelewa. Na mnajua ni nani aliyekuwa langoni akiandika waliochelewa.

Sista Grace aliingia ofisini kwangu kunawa mikono akaiona barua juu ya meza. Akaisoma yote, aya moja na nusu.

"Wafula, umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu, Sista."

"Na hukumgusa?"

Sikuwa nimemgusa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikamwangalia, nikaamua. Sista Grace alijipangusa mikono akaenda.

Kwa hivyo vijana, kabla sijasahau: mtu akitokwa na jasho baridi, akitetemeka, akiongea ovyo, usiseme ni pombe kabla hujamgusa. Na hata kama ni pombe, bado mguse.

Kuanzia wiki hiyo nikawa ninapitia kliniki saa ya chakula cha mchana. Mwanzoni nilisema nimekuja kuulizia hali ya Mzee Kamande. Kamande alipona akarudi kazini na mimi bado ninakuja. Sista Grace akanipa stuli na bendeji za kukunja. Nilimwona akisafisha vidonda, akipima presha, akimsikiliza mtu aliyesema anaumwa tumbo mpaka akafikia shida yenyewe, ambayo haikuwa tumbo. Nikirudi ofisini kile kiti cha kuzunguka kilianza kunichosha. Baada ya miezi kadhaa nikamwambia nataka kuomba nafasi ya kusomea kazi yake. Alicheka mpaka akakaa. Halafu akanisaidia kujaza fomu.

Kumwambia baba ilikuwa kazi nyingine. Baba yangu alitoka Bungoma akiwa kijana, akaendesha mashine katika kiwanda cha nguo Thika maisha yake yote. Sisi tulizaliwa hapo hapo, kwenye nyumba za mistari za wafanyakazi. Majirani wote walikuwa wameambiwa kwamba mwanawe ni meneja. Nilipomaliza kueleza, alivuta soksi zake, akasema, "Nilikupeleka chuo kikuu ili uje ubebe choo cha watu?"

"Kuna mtu lazima abebe, Baba."

"Na lazima awe wewe?"

Hakunisemesha kwa muda wa muhula mzima. Majirani wakimwuliza niko wapi, alijibu, "Yuko hospitali." Wao wakadhani nimekuwa daktari. Yeye hakuwadanganya, alinyamaza mapema tu. Lakini sikilizeni ilivyogeuka. Nilipoanza kuja nyumbani Jumapili, majirani wakaanza kuja na magonjwa yao. Huyu na mguu, huyu na kikohozi, huyu na cheti cha hospitali asichoweza kukisoma. Siku moja nikatoka chumbani nikakuta baba amepanga foleni nje ya mlango. Amewakalisha kwa utaratibu, wazee mbele, wenye watoto kando. Mwanamke mmoja alijaribu kupita, baba akamwambia, "Mama, hapa tunafuata laini. Muuguzi ni mmoja." Muuguzi! Nilirudi ndani kidogo nikajifanya natafuta kalamu.

Darasani mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, wenzangu wametoka kidato cha nne juzi. Waliniita Mzee. Waliniuliza wana wangu wako darasa la ngapi. Kwenye nadharia niliwashinda, kwenye mikono walinishinda mbali. Tulifundishwa kudunga sindano kwa machungwa. Machungwa yangu yalivuja. Kutandika kitanda nilirudia mara nyingi sana, ile kona ya shuka ambayo lazima ikunjwe kama bahasha. Mwalimu wetu aliipiga jicho moja tu akaivuta yote chini. Nekesa, ukienda kule ujue digrii yako haitakutandikia kitanda. Ikikufaa, itakufaa baadaye, na pengine kwa njia ambayo hukutarajia.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Sista Nyambura, mkuu wa wodi ya akina mama katika hospitali ndogo nilikofanyia mazoezi. Hospitali yenyewe ilishafungwa. Sista Nyambura alikuwa mfupi, mkavu, saa yake imebanwa kifuani, na maneno yake alikuwa akiyatoa kwa kupima kama dawa. Siku ya kwanza alinishika vidole. "Baridi," akasema. "Nenda upashe mikono kwanza." Mpaka leo sijamgusa mgonjwa kabla sijasugua viganja. Jambo lingine: hakutaka tusimame miguuni mwa mgonjwa tukimjadili. "Huyo si mzigo ulioshushwa. Mwendee kichwani."

Wiki ya pili nilitumwa kumwogesha shosho, bibi kizee mmoja. Aliponiona na beseni akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Mimi nioshwe na mwanaume? Nimefanya makosa gani?"

Nilimwambia nilivyosoma kwenye kitabu, kwamba mimi ni kama mtoto wake. Akaanza kulia. Sista Nyambura akaniita kando.

"Wewe si mtoto wake, na yeye anajua. Muulize anataka tufanyeje."

Nikarudi nikamwuliza. Shosho akafikiri. Akasema nigeuke niangalie ukuta. Basi nikasimama nimempa mgongo, nikawa ninakamua kitambaa chenye maji moto na kumpitishia juu ya bega langu. Yeye anajiosha, ananirudishia, mimi nasuuza, nampitishia tena. Tulioga hivyo kama watu wawili waliokosana. Kufikia siku ya nne akaniambia naweza kumwosha mgongo, kwa sababu mgongo hauna siri.

Vijana hupenda nisimulie vya zamani kana kwamba vilikuwa vitamu. Havikuwa. Tulichemsha sindano za vioo kwenye sufuria, na ukisahau maji yakakauka, zinapasuka na wewe unapasuliwa pia. Dripu tulihesabu tone kwa tone tukitazama saa. Jina la mgonjwa liliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kitandani, na karatasi ilianguka. Leo mgonjwa ana utepe mkononi wenye jina na namba, kuna mashine inayolia dripu ikiisha, na faili ziko kwenye kompyuta. Sijui kutumia zote, lakini sikumbuki hata siku moja nikitamani kurudi kwenye sufuria.

Na digrii? Nilihamishiwa kituo cha afya Ruiru baada ya kufuzu, na mwaka mmoja tukapata watoto wengi wa kuhara kwa mpigo. Nikasema sasa jiografia italipa. Nikageuza kalenda kubwa ya ukutani, nikachora nyuma yake barabara, mto, machimbo ya mawe na ploti zote, nikaweka alama kila nyumba iliyotoa mgonjwa. Ilikuwa ramani nzuri. Niliitazama siku mbili nisione lolote isipokuwa kwamba watu wengi huugua mahali penye watu wengi. Mama Akoth, aliyekuwa akisafisha kituo, alisimama na mop yake nyuma yangu.

"Hizi dot ni nini, Sista?"

"Nyumba za wagonjwa."

Akainama. "Huyu namjua. Huyu pia. Hawa wote si wanachota maji kwa lile tangi la chini? Hawa wa juu huku ndio wana bomba."

Tangi lilipimwa, likaoshwa, tukawafundisha watu kuchemsha maji. Kuhara kukapungua. Nilimwambia Mama Akoth ramani ni yake. Akasema yeye anataka kalenda nyingine, maana ile nilikuwa nimeiharibu na ilikuwa bado Machi.

Haya. Nimezunguka kama mnavyozunguka nyinyi, lakini Nekesa aliuliza kama nilijuta. Nilijuta. Nitawaambia siku yenyewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, mtihani wa kufuzu umebakisha wiki tatu, bado niko kwa Sista Nyambura. Wodini tulikuwa na akina mama wawili wenye jina moja, Mary Wanjiru. Mmoja alikuwa mwalimu wa Thika, ana presha. Mwingine alikuwa shosho wa Ngoliba, aliyeletwa amekauka kwa kuhara, mwepesi kama jani la mahindi, na masikio yake mazito. Asubuhi hiyo paa lilikuwa limevuja na vitanda vimesogezwa. Mimi nilikuwa na sinia la dawa.

Nilisimama mahali ambapo jana alikuwa mwalimu. Nikauliza, "Mary Wanjiru?"

"Ĩĩ," shosho akajibu. Ndiyo.

Nikampa vidonge vya presha, akavimeza na maji, akanishukuru. Nikaendelea. Nilipofika upande wa pili mwalimu akaniita. "Sista, leo mimi sipati dawa yangu ya presha?"

Yule shosho presha yake ilikuwa tayari chini. Dawa ile ingeishusha zaidi.

Bwana Mwangi, muuguzi aliyefuzu, alikuwa karibu na akaona uso wangu. Nilimnong'onezea. Hakuwa mtu mbaya, Mwangi. Alinipenda. Akasema, "Nyamaza kwanza. Tutamwangalia. Pengine hakutakuwa na kitu. Ukisema, mtihani umekwenda, Mzee. Na umri wako huo."

Niliingia chumba cha kuoshea vyombo nikachukua karai nikaliosha. Lilikuwa safi. Niliosha karai safi. Niliwaza nyumbani nitasema nini. Niliwaza kwamba ofisi niliiacha na sasa uuguzi nao utaniacha. Hapo ndipo nilijuta, Nekesa. Nilijuta kuanzia siku niliyomwona Sista Grace. Nilitamani ile meza na yale majina ya waliochelewa, kazi ambayo ukikosea mtu hafi.

Sijui nilikaa humo muda gani. Dakika chache, lakini dakika za mgonjwa wala si zangu. Nilichungulia mlangoni nikamwona shosho ameshusha miguu, anatafuta ndara zake kwa vidole. Anataka kusimama. Akisimama na presha ile, ataanguka, na mifupa ile isingestahimili sakafu. Nilikimbia. Nilimshika mabega nikamlaza, na nikiwa nimemshika hivyo nikapiga kelele, wodi nzima ikasikia:

"Sista! Nimempa dawa isiyo yake!"

Sista Nyambura alikuja. Hakunigombeza. "Dawa gani? Ngapi? Saa ngapi?" Nikajibu yote matatu. Alipima presha, akapima tena. Tukainua upande wa miguu wa kitanda, akafungua dripu, akatuma mtu kumwita daktari. Nikaambiwa nikae hapo na nipime kila robo saa na niandike. Shosho alikuwa baridi, ananung'unika Kikuyu, akiita watu nisiowajua. Mara moja nilipima nikakosa kusikia chochote, nikarudia, nikasikia kwa mbali. Mpaka saa saba mchana sikujua kama ataishi. Saa nane namba ikaanza kupanda. Saa tisa akafungua macho akauliza kwa nini miguu yake iko juu.

Saa ya kuona wagonjwa, binti yake Njoki akafika kutoka Ngoliba na chupa ya uji. Sista Nyambura akaniambia, "Nenda umwambie."

"Mimi, Sista?"

"Nitasimama karibu nawe. Lakini mdomo ni wako."

Nilimwambia Njoki yote. Kwamba mama yake alipewa dawa ya mgonjwa mwingine, kwamba niliyempa ni mimi, kwamba alizidiwa na sasa anapata nafuu.

"Ulimpa mamangu sumu?"

"Ni dawa. Lakini si yake."

"Hukumwuliza jina?"

"Nilimtajia jina, akakubali."

"Mamangu hasikii! Ukimwambia yeye ni chifu atakubali!" Alikuwa analia na ananionyesha kidole kifuani. "Asiguswe tena na huyu. Sista, umenisikia? Huyu asimguse mamangu."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Tangu siku hiyo simtajii mgonjwa jina. Ninamwacha alitaje mwenyewe, hata kama ni jirani yangu. Mgonjwa mwenye adabu hukubali lolote, na wagonjwa wengi wana adabu.

Asubuhi iliyofuata shosho alikataa chai. Njoki alikuwa amerudi Ngoliba. Wakaja wauguzi wawili, akafunga mdomo. Halafu akaninyooshea mkono mimi niliyekuwa mbali, kwa sababu nilikatazwa kukaribia. "Yule wa ndevu anipikie uji," akasema. "Dawa yake sitaki tena. Uji nitakunywa, uji hauna makosa." Sista Nyambura akanitazama, akatazama dirishani, akasema, "Alikatazwa kumgusa. Hakukatazwa kupika." Nikapika, muuguzi mwingine akamnywesha.

Mwangi alisema kweli kuhusu mtihani. Niliitwa kwa matroni, mkuu wa wauguzi, nikaandika maelezo, nikaondolewa kwenye orodha. Nilirudia miezi sita. Wenzangu waliokuwa wakiniita Mzee walivaa mikanda ya waliofuzu, wakarudi wodini wakiwa wakubwa zangu, na wakanituma. Nilikwenda nilikotumwa. Baba aliponiuliza mbona sherehe yangu imepita, nilimweleza. Alivuta soksi zake. Akauliza, "Huyo mama aliishi?" Nikasema aliishi. "Basi rudia darasa," akasema, kama ambavyo angemwambia mtoto wa la tatu.

Miaka ilipita. Niko Ruiru, siku ya chanjo, ukumbi umejaa watoto na vilio. Tulikuwa na meza mbili, yangu na ya muuguzi kijana aliyetoka chuoni, msichana mwepesi na hodari, foleni yake inakwenda kasi. Yangu imejikunja mpaka mlangoni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa mwisho kabisa. Msichana akamwita, "Mama, njoo huku, hakuna watu."

"Ninangoja huyu," mama akajibu.

Alipofika mbele yangu nilimsalimia kama ninavyomsalimia kila mtu. Hakujibu salamu. Akasema, "Wewe ndiye ulimpa mamangu dawa ya presha."

Msichana wa meza ya pili akaacha kuandika. Nilimtazama vizuri, nikamwona Njoki, amenenepa, na mvi moja moja kando ya kilemba.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi. Mama yuko?"

"Alituacha mwaka juzi. Uzee tu, nyumbani. Miaka yote hiyo alikuwa akisimulia watu habari ya uji wako, kwamba ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria."

Sikujua kama nicheke. Nikamwambia pole. Halafu nikamwuliza, maana lazima ningeuliza, "Mbona hukwenda meza ile? Umengoja sana."

Njoki alimfungua mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani, akamvua mkono wa sweta.

"Yule simjui," akasema. "Pengine ni mzuri kuliko wewe. Lakini siku ile ungeniambia mama amezidiwa na kuhara, ningeamini, ningeenda nyumbani nikiamini. Wewe ukikosea utasema."

Niliangalia kadi, nikaangalia chupa ya chanjo, nikaiangalia tena. Njoki alikuwa akinitazama mikono, haondoi macho, kuanzia nilipovuta dawa mpaka nilipobonyeza pamba. Sikuharakisha. Nilitaka aone. Mtoto akalia, akafunikwa, akanyamaza. Njoki akamrudisha mgongoni, akakaza leso, akatoka.

Nikanawa mikono, nikaita anayefuata.